Jiwe la Kisumu Lilinisubiri Nipate wa Kunisomea

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba Nakuru, maadamu ni jiji tangu Desemba 1, 2021, iwekewe vibao vya kueleza mahali pake pa kihistoria, na kwamba vibao hivyo viwe vya Kiingereza kwa kuwa wasomaji wake ni watalii. Kuhusu vibao namuunga mkono. Hicho Kiingereza ndicho kilichonifanya nimwombe mjukuu wangu karatasi.

Mimi ni mzaliwa wa Bondeni, hapa Nakuru. Shule niliiachia darasa la saba, na mwaka 1977 nikapanda lori kama utingo. Usukani nilipewa miaka sita baadaye, nikauacha 2019 macho yalipoanza kuniletea taa nne kwa kila gari lililokuja mbele yangu. Kati ya hapo nimebeba saruji, mahindi, mabati, mitumba, mafuta ya kupikia, na safari moja jeneza tupu la kupeleka Busia. Na kila mji niliolala, nikipata nafasi, niliandika mahali pamoja au pawili katika daftari.

Si kila mahali paliingia. Nilijiwekea masharti. Kwanza lori liwe limeegeshwa na mimi nimefika kwa miguu. Pili niwe nimekaa kitako, hata kama ni kumaliza kikombe kimoja cha chai. Tatu niandike siku hiyohiyo kabla sijalala. Nilichokiona nikiwa kwenye usukani hakihesabiki. Ndiyo maana Mlima Kilimanjaro, ambao asubuhi nyingi nimeupita pale Emali ukiwa umejitandaza wote, haumo katika daftari langu, na kibanda cha mama mmoja wa uji pale Malaba kimo.

Madaftari yenyewe ni matatu, yale ya watoto wa shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. La kwanza liliingia dizeli upande mmoja, na mpaka leo ukilifungua unasikia harufu ya foleni ya mizani. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, mjukuu wangu aliyahesabu yote akapata mahali 143 katika miji 31. Mimi sikuwahi kuhesabu.

Mambo haya yalianzia Nairobi, mwaka 1979. Tajiri alinituma Grogan, ambayo hata wakati huo ilikuwa na jina lake jipya la Kirinyaga Road, nikatafute mpira wa breki. Muuzaji akaniambia nirudi saa tisa. Nikatembea mpaka Kenyatta Avenue, nikaziona zile sanamu tatu za shaba, nikadhani ni mashujaa wa Uhuru. Nilisogea tu nipate kivuli. Kumbe chini yake kuna maandishi, Kiingereza na Kiarabu, na pia Kiswahili. Kiswahili cha kizamani, lakini changu. Nikasoma mwenyewe, bila kumwomba mtu. Nikajua kwamba sanamu zile ziliwekwa na Waingereza 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana vita vile vya kwanza vya dunia, na kwamba mmoja kati ya wale watatu si askari bali mchukuzi wa mizigo. Maandishi yanasema wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Chini zaidi yanasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Majina ya wachukuzi wenyewe hayapo pale, na hilo nililiona siku ileile. Lakini fikiria, Mhariri, mimi ni kijana, kazi yangu ni kufunga turubai na kukimbia na jiwe niliweke nyuma ya gurudumu lori likisimama mlimani. Sijawahi kuona mahali mbeba mzigo amejengewa sanamu katikati ya jiji. Nilirudi kwa muuzaji saa kumi na moja, duka limefungwa, na tajiri alinikata mshahara. Jioni hiyo nikanunua daftari.

Baadaye, mpaka wa Tanzania ulipofunguliwa 1983 baada ya kufungwa tangu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, nikaanza kwenda Dar es Salaam. Kule nikamkuta askari mwingine wa shaba, wa 1927, peke yake, singe yake imeelekezwa bandarini. Naye ana Kiswahili miguuni. Na wachukuzi nikawakuta sokoni, katika jina: Kariakoo ni kile kikosi cha wachukuzi cha Waingereza, Carrier Corps, kilivyosagwa na ndimi za watu. Nairobi nako kuna Kariokor, jina hilohilo. Tangu siku hiyo nikawa napenda kuandika mahali na jina lake lilivyozaliwa.

Sasa nije Kisumu, maana ndiko hoja yangu iliko.

Ilikuwa 1986. Tumeshusha saruji, tunangoja kupakia sukari ya Muhoroni ambayo haikuwa tayari. Utingo wangu alikuwa kijana wa Vihiga aliyefika kidato cha nne, jambo ambalo hakuacha mtu alisahau. Tukanunua njugu karanga zilizofungwa kwenye karatasi, tukaenda kukaa chini ya mnara wa saa wa barabara ya Oginga Odinga. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nne, nasi tukasema saa kumi, kama kila mmoja wetu anavyoigeuza saa ya Mzungu kichwani bila kujijua. Nikamwambia utingo, haya msomi, soma jiwe.

Akasoma. Alikuwa akisoma neno, ananyamaza akilitafutia Kiswahili, anarusha njugu mdomoni, anaendelea. Jiwe lilisema mnara ule umejengwa kumkumbuka Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910, na kwamba waliomjengea ni wanawe. Ulizinduliwa 1938.

Nikaanza kupiga hesabu zangu za kidereva. Reli ilifika Kisumu 1901, wakati ule mji ukiitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli hiyo. Basi mtu huyu alikuja miaka thelathini kabla ya gari moshi. Mizigo yake ilibebwa na nani? Alilala wapi? Mimi nikitoka Mombasa na lori zima najisikia shujaa nikifika Mau Summit, na kuna watu waliipita nchi hii na magunia kichwani.

Tukiwa hapo, akaja mama mmoja na karai la samaki wa kukaanga, akalitua kivulini apumue. Akatuuliza, kwa Kiswahili chenye Kijaluo ndani yake, tunasoma nini. Akasema amepita pale tangu alipokuwa msichana na siku zote alijua ni kaburi la Mhindi. Utingo akamweleza. Mama akainua macho mpaka kwenye saa, akasema, "Kumbe ni watoto wake walimkumbuka." Akatuuzia samaki wawili, akapunguza bei, akaenda zake.

Ukurasa huo nimeusoma mara nyingi. Jiwe lilikuwa limesimama miaka 48, katikati ya barabara kuu, na mtu anayepita hapo kila siku na karai kichwani alihitaji utingo wa Vihiga ndipo limwambie kitu. Si kosa la waliolijenga. Walikuwa wakimkumbuka baba yao kwa lugha iliyotawala wakati ule. Lakini sisi tunaojenga leo tuna udhuru gani?

Maana si mama wa samaki peke yake. Mwaka 1991, katika mji mmoja wa magharibi ambao sitautaja, nilikuta kwenye ukuta wa jengo la zamani kibao kidogo cha chuma, herufi zimechongwa vizuri sana. Siku hiyo sikuwa na utingo msomi. Nikatoa daftari nikanakili herufi moja moja, taratibu, kama anayenakili hirizi. Nikaandika pembeni: "Mahali pa maana, nitauliza." Sikuuliza. Kibao hicho kilikaa katika daftari langu miaka 29, na kila nilipopita mji ule nilikuwa naliheshimu jengo. Safari moja hata nilivua kofia. Mjukuu alipofika ukurasa huo wakati wa korona alisoma, akasoma tena, kisha akakaa chini sakafuni.

"Babu, hapa wamekataza watu kuegemeza baiskeli."

Nimecheka naye, na Bondeni nzima imecheka nami. Lakini nikiwa peke yangu huwa sicheki sana. Mtu mzima, mwenye leseni ya trela, anayesoma gazeti lenu kuanzia jina mpaka bei, nilivuliwa kofia na tangazo la baiskeli kwa sababu liliandikwa kwa lugha ya heshima.

Msomaji wenu atasema nimezeeka, vijana wa leo wote wanasoma Kiingereza. Nakubali wengi wanasoma. Ila aende asimame kwenye stendi ya matatu nusu saa atazame. Mtu anayengoja gari lijaze atasoma chochote kilichoandikwa Kiswahili, hata tangazo la mganga, hata maneno ya nyuma ya matatu. Ataonyesha mwenzake. Watabishana. Kibao cha Kiingereza wanakiegemea tu. Na mtalii yule tunayemhangaikia anakuja na mwongozaji wake, na simu inayomsomea kila lugha.

Halafu yako mengi yasiyo katika jiwe lolote, wala simu haiyajui. Mjukuu alianza kuyatia madaftari yangu kwenye ramani ya simu, akakwama Eldoret. Alitafuta Sisibo, hakuna. Mimi nilipoanza kazi wazee bado walikuwa wakisema "tunalala Sisibo", na maana yake ni 64, "sixty-four" ya Kiingereza, namba ya shamba ambalo mji ulianzia kabla haujaitwa Eldoret mwaka 1912. Walowezi walisema namba yao, watu wakaitafuna mpaka ikawa jina. Kisumu nimeandika Russia, ambayo ndiyo hospitali ile kubwa ya rufaa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960. Utingo wangu huyohuyo alilazwa hapo na malaria, nami nikakaa kwenye nyasi za nje siku mbili. Na hapa kwetu nimeandika London, mtaa ulio ubavuni mwa Menengai, jirani na jaa la taka la Gioto. Vijana wa mtaani wakinitania kwamba sijawahi kuvuka bahari, nawaambia London nimefika, tena nimekula mahindi ya kuchoma.

Kampala nina kurasa nane lakini sitazifungua hapa. Mai Mahiu nina moja, ya lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ya mteremko mwaka 1942. Mimi Mwislamu, nimekaa humo mara nyingi breki zikipoa, na sijawahi kufukuzwa.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa Webuye. Malori yalikuwa yamejipanga mizani, hakuna anayesogea. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza miwa alinionyesha kilima kilicho juu ya mji, akaniambia hapo ni Chetambe, hapo Wabukusu walijenga ngome yao wakapigana na Waingereza mwaka 1895. Alieleza yote kwa Kiswahili, Kiswahili kizito cha huko, huku akimenya muwa. Alinionyesha kwa kisu handaki lilipita wapi na askari walitokea upande gani. Nikamuuliza amejuaje. Akasema babu yake alimwambia, na babu yake aliambiwa na aliyekuwepo. Foleni ikasogea katikati ya maneno. Kupanda kilimani sikupanda mpaka safari ya tatu, kwa hiyo kwa masharti yangu ilinibidi ningoje kuandika, nikaandika huko juu, nimekaa kwenye jiwe. Lakini nilichoandika si nilichokiona, ni maneno ya mzee wa miwa. Bila yeye ningeona kilima chenye nyasi.

Ndiyo maana sikubali hoja kwamba Kiswahili ni cha pwani na huku magharibi ni mgeni. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikipiga kambi Mumias kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kabla ya reli kufika ziwani. Nimeswali Mumias mara nyingi njiani, na hakuna aliyenisemesha kama mtu wa kutoka mbali.

Na wala sisemi Kiingereza kifutwe. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, zote mbili. Kisumu wakitaka Kijaluo waweke Kijaluo, na Webuye waweke Kibukusu. Mzee wa miwa angefurahi. Wakoloni wenyewe, ambao hawakutupenda kiasi hicho, waliweza lugha tatu kwenye msingi wa sanamu moja mwaka 1928. Jiwe lina pande nne.

Ninachoomba si kikubwa. Tukianza kuweka vibao vya jiji hili, tuanze na Kiswahili kwa herufi kubwa, kifupi, chenye mwaka na jina la mahali kama watu wanavyoliita. Hyrax Hill tuiandikie kwamba mwaka 1937 mama Mary Leakey alianza kuchimbua makao ya watu wa kale pale, umbali wa safari ya bodaboda tu kutoka katikati ya mji. Menengai tuiandikie kwamba ni mdomo wa volkeno, na kwamba kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa urefu ni kama kilomita 12, maana kuna watu wanaishi chini yake wakidhani ni bonde tu. Bondeni mniachie mimi. Nimekwisha kuzungumza na kijana anayechora matatu, amekubali kunichorea kibao nikiweke kwenye ukuta wangu mwenyewe, ambapo sihitaji ruhusa ya mtu. Tunabishana rangi. Yeye anataka moto na simba pembeni.

Jumamosi hii nampeleka mjukuu Kisumu, kwa matatu, mimi nikiwa abiria. Anataka kuuona mnara. Nimemwambia yeye ndiye atakayesoma na kunitafsiria neno kwa neno, niandike, kwa sababu nilichonacho ni tafsiri ya utingo mwenye njugu mdomoni, na nashuku kuna mahali aliruka. Ameniuliza mimi nitafanya nini wakati anasoma. Nitakaa kitako. Ni sharti.

Dereva mstaafu,
Bondeni, Nakuru